Tisa kwa Saba

Jumapili ya tarehe 5 Februari 2012 ilikuwa ndefu kwa mpenda mpira wa Kibiti. Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kinatimiza miaka 35, shughuli za Maulidi zilikuwa hazijapoa, na saa moja usiku Chelsea waliwakaribisha Manchester United pale Stamford Bridge. United wakala tatu bila majibu, kisha wakazirudisha zote: Rooney kwa penalti mbili, Hernández kwa kichwa. Shabiki wa Chelsea aliyeingia kibanda umiza akitamba alikuwa na kila sababu ya kurudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni. Baadaye ikaja robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Ghana na Tunisia, iliyokwenda hadi muda wa nyongeza kabla Ghana hawajashinda 2-1.

Baada ya hapo mji ukalala. Saa nane na nusu usiku, mwezi ukiwa umebakiza siku mbili utimie na maji ya bamvua yakipanda kwenye mikono ya delta, mtu wa Rufiji hakuwa na sababu ya kuwa macho isipokuwa nyavu za kamba.

Saa hiyohiyo Indianapolis, huko Marekani, ilikuwa bado jioni ya Jumapili. Uwanja wa Lucas Oil ulikuwa na watu 68,658, na wengine zaidi ya milioni 111 walikuwa mbele ya televisheni nchini kote. Ilikuwa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao watu wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu kwa filamu tu. New York Giants walikuwa wanacheza na New England Patriots. Na katika kikosi cha Giants alikuwemo kijana aliyezaliwa mji huohuo wa Indianapolis, mwenye jina ambalo mtu wa Kampala au Masaka hahitaji kuelezwa: Mathias Kiwanuka.

Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, na hapa inabidi historia irudi nyuma kidogo, kwa sababu njia ya jina hilo hadi Indianapolis ilipita karibu sana na Tanzania.

Benedicto alizaliwa mwaka 1922 upande wa Masaka. Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta kijana, akavaa sare ya jeshi la Mwingereza na kufika hadi Misri na Palestina. Aliporudi akasoma Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho, kisha akaenda London kuchukua sheria. Mwaka 1958 akakabidhiwa uongozi wa Democratic Party, chama kilichokuwa na nguvu kubwa kwa Wakatoliki wa Uganda. Mwaka 1961 akashinda uchaguzi ambao wengi wa Buganda waliususia, akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa hata miezi miwili. Uchaguzi wa Aprili mwaka huo ulimpa Milton Obote na washirika wake ushindi, na bendera ya uhuru ilipopandishwa Oktoba, Kiwanuka alikuwa nje ya serikali. Mwaka 1969 Obote alimtia ndani.

Aliyemtoa gerezani ni Idi Amin, baada ya mapinduzi ya Januari 1971. Amin akamfanya Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti hicho. Ilikuwa zawadi yenye sumu. Septemba 1972 mahakama ya Kiwanuka iliamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyekuwa amekamatwa na wanajeshi bila sheria. Wakati huohuo wafuasi wa Obote walivuka mpaka wakitokea Tanzania, tarehe 17 Septemba, wakajaribu kuiteka Masaka na Mbarara, wakashindwa vibaya. Amin akawa anaona adui kila kona. Tarehe 21 Septemba, siku nne baada ya uvamizi ule, watu wake waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala mchana kweupe wakamchukua Jaji Mkuu ofisini kwake. Hakuonekana tena, na mwili wake haukupatikana. Kampala ina barabara yenye jina lake, lakini kaburi lake halijulikani.

Mzee yeyote wa Kibiti au Ikwiriri aliyekuwa mtu mzima mwaka 1979 anajua yaliyofuata. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Jeshi la Wananchi na Waganda waliokuwa pamoja nalo wakaikamata Kampala. Lakini kwa familia nyingi za Uganda ushindi huo ulichelewa. Zilikwisha kutawanyika. Wazazi wa Mathias waliishia jimbo la Indiana, na yeye akazaliwa huko tarehe 8 Machi 1983, mjukuu wa mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Alikulia katika shule ya Kikatoliki ya Cathedral mjini Indianapolis, akawa mrefu, mwenye mikono mirefu na mbio zisizolingana na kilo zake. Chuo cha Boston College kikamchukua, akaondoka pale akiwa ameweka rekodi ya chuo ya kumwangusha kotabeki, mrushaji mpira wa timu pinzani. Aprili 2006, siku timu za NFL zinapogawana wachezaji wapya kwa zamu, Giants walimchagua katika duru ya kwanza, mtu wa 32 na wa mwisho katika duru hiyo.

Asiyeujua mchezo huu anahitaji maelezo mafupi. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, yaani mita tisa na ushee. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi sita, na teke la nyongeza huleta moja. Ukiona njia imeziba, unapiga teke mpira upite katikati ya milingoti, unaondoka na pointi tatu. Anayeongoza mashambulizi yote ni kotabeki: anapokea mpira, anatazama, anarusha. Ana sekunde mbili au tatu. Kazi ya watu kama Kiwanuka ni kuhakikisha hazifiki tatu.

Mwaka wake wa kwanza ulimpa sifa ambayo hakuitaka. Tarehe 26 Novemba 2006, ugenini Tennessee, Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21-0. Titans wakaanza kurudisha. Dakika za lala salama, wenyeji wakiwa kwenye jaribio la nne na yadi kumi mbele yao, Kiwanuka alimfikia kotabeki Vince Young, akamkumbatia kabisa. Angemwangusha tu, mchezo ulikuwa umekwisha. Akamwachia. Alidhani mpira umeshatoka mkononi mwa Young, na mwamuzi humwadhibu anayemwangusha kotabeki aliyekwisha kurusha. Young alikuwa bado nao. Akakimbia, akapata yadi zake, na Titans wakashinda 24-21. Kipande hicho cha picha kilirudiwa kwenye televisheni za New York mpaka watoto wakakijua kwa moyo.

Msimu uliofuata makocha walimhamisha. Giants walikuwa na utajiri wa ajabu wa watu wa kumkimbiza kotabeki: Michael Strahan mkongwe, Justin Tuck, na Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye wazazi Wanigeria. Nafasi haikuwatosha wote, kwa hiyo Kiwanuka akarudishwa mstari wa pili wa ulinzi, kazi yenye macho tofauti na miguu tofauti. Akakubali, akajifunza, na Novemba 2007 dhidi ya Detroit akavunjika mfupa wa mguu. Februari 2008 timu yake iliwafunga Patriots 17-14 kwenye Super Bowl ya Arizona, Patriots ambao walikuwa wameshinda michezo 18 mfululizo bila kupoteza hata mmoja. Wamarekani wanaiita moja ya fainali kubwa kuliko zote. Kiwanuka aliitazama kutoka pembeni mwa uwanja. Pete ya ubingwa alipewa, maana ni ya kikosi kizima, lakini mchezaji anajua tofauti ya pete na pete.

Ndiyo maana msimu wa 2011 ndio unaostahili kusimuliwa.

Ulianza vibaya kabla ya kuanza. Kuanzia Machi hadi Julai 2011 wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji milango kwa ugomvi wa kugawana mapato. Hakuna mazoezi rasmi, hakuna daktari wa timu, hakuna kukanyaga klabuni. Kotabeki wa Giants, Eli Manning, aliwakusanya wenzake kwenye uwanja wa shule ya sekondari huko Hoboken, New Jersey, wakafanya mazoezi kama timu ya mtaa. Kiwanuka hakuwa hata na mkataba. Mwaka 2010 alicheza michezo mitatu tu, akawaangusha makotabeki mara nne katika hiyo mitatu, kisha ikagundulika diski ya shingo imehama mahali pake. Katika mchezo ambao kichwa ndicho kinachotangulia, shingo si jambo la mzaha. Milango ilipofunguliwa Giants wakampa mkataba mpya, na wakamrudisha tena kwenye ule mstari wa pili.

Kocha wao, Tom Coughlin, alikuwa na miaka 65 na tabia za mwalimu mkuu wa bweni. Saa za ukutani klabuni ziliwekwa dakika tano mbele. Kikao cha saa nne kilikuwa saa nne kasoro dakika tano, na mchezaji aliyefika saa nne kamili alikuwa amechelewa na anaweza kulipa faini. Mtu wa pwani aliyezoea kualikwa harusini saa nane na kukuta wenyeji bado wanachinja kuku angepata taabu sana na Coughlin. Mastaa wa Giants pia walipata taabu naye, na kwa miaka kadhaa hawakuficha.

Mchezo wa kwanza ulikuwa tarehe 11 Septemba 2011, miaka kumi kamili tangu majengo pacha ya New York yaanguke. Giants, timu ya mji uliopigwa, walicheza ugenini Washington na wakachapwa 28-14. Baada ya hapo wakazinduka. Hadi mwanzoni mwa Novemba walikuwa wameshinda sita na kupoteza miwili, na ushindi wa sita ulikuwa wa Foxborough, nyumbani kwa Patriots, 24-20, kwa tachidauni iliyopatikana zikiwa zimebaki sekunde 15. Kotabeki wa Patriots, Tom Brady, alikuwa hajapoteza mchezo wa ligi nyumbani kwa miaka kadhaa. Ilionekana kama mambo yamekaa sawa.

Hayakukaa sawa. San Francisco wakawafunga. Philadelphia wakawafunga. New Orleans wakawatandika 49-24 mbele ya taifa zima Jumatatu usiku. Green Bay, ambao hawakuwa wamepoteza hata mchezo mmoja, wakaja New Jersey wakashinda 38-35. Vichapo vinne mfululizo. Giants sasa walikuwa sita kwa sita, orodha ya majeruhi ilikuwa ndefu, na magazeti ya New York yalianza kuandika kwamba kibarua cha Coughlin kiko njiani kuota nyasi.

Tarehe 11 Desemba walikuwa Dallas, nyuma 34-22, dakika zikiwa zimebaki chini ya sita. Anayeanza kutazama futiboli aanze na dakika hizo sita. Manning alirusha, wakapata tachidauni. Dallas wakapewa mpira, wakashindwa kuumaliza muda. Giants wakarudi na Brandon Jacobs akaingia tena zikiwa zimebaki sekunde 46: 37-34. Hata hapo haikuwa imekwisha, kwa sababu Dallas walisogea wakafika mahali pa kupiga teke la kusawazisha. Mpigaji akapiga, na mkono wa Jason Pierre-Paul ukauzuia mpira hewani. Pierre-Paul alikuwa na miaka 22, mtoto wa wazazi waliotoka Haiti, na futiboli alikuwa ameianza akiwa sekondari kwa sababu kwanza alipenda kikapu.

Wiki moja baadaye walifungwa tena nyumbani na Washington, 23-10, timu dhaifu. Saba kwa saba. Kwa hesabu ya kawaida huo ndio mwisho wa hadithi.

Ilibaki michezo miwili, na wa kwanza ulikuwa wa watani. Giants na Jets wanatumia uwanja mmoja, MetLife, kama Simba na Yanga walivyokuwa wanatumia ule wa Taifa, na siku ya mkesha wa Krismasi wenyeji kwa karatasi walikuwa Jets. Wakafunika kwa mapazia meusi alama za ubingwa wa Giants zilizochorwa ukutani karibu na chumba cha kuvalia. Utoto mtupu, lakini uliwauma Giants. Robo ya pili ikielekea ukingoni, Giants walikuwa wamebanwa kwenye yadi yao ya kwanza, mgongo ukigusa ukuta. Manning akampa pasi fupi Victor Cruz, kijana wa Paterson, New Jersey, ambaye hakuna timu iliyomchagua katika mgawo wa wachezaji wapya. Cruz akawaponyoka wawili, akakimbia uwanja mzima, yadi 99, kisha akacheza salsa aliyofundishwa na bibi yake Mpuertoriko. Giants wakashinda 29-14. Tarehe 1 Januari 2012 wakawafunga Dallas kwa mara ya pili, 31-14, na kuongoza kundi lao.

Tisa kwa saba. Katika michezo yote 16 walifunga pointi 394 na kufungwa 400. Yaani timu iliyoingia mtoano ilikuwa imefungwa zaidi ya ilivyofunga, na hakuna bingwa wa Super Bowl kabla yake aliyewahi kuwa na hesabu ya namna hiyo.

Kilichokuwa kimebadilika ni afya. Umenyiora, aliyekosa sehemu kubwa ya msimu, alirudi. Tuck, aliyekuwa anacheza na maumivu, akapata nafuu. Pierre-Paul alimaliza msimu akiwa ameangusha makotabeki mara 16 na nusu. Kiwanuka, ambaye kwa asili alikuwa mtu wa mstari wa kwanza, aliweza kusogezwa mbele kila ilipohitajika. Sasa kocha wa ulinzi, Perry Fewell, alikuwa na watu wanne wenye mbio wa kuwatuma kwa pamoja, na hapo ndipo siri ilipokuwa. Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na anayeziba mmoja kwa tope huona maji yamempitia kwa mwingine. Ndivyo walivyokuwa. Timu pinzani ikiweka watu wawili kwa Pierre-Paul, Umenyiora alipita upande wa pili. Ikimwangalia Umenyiora, Tuck alipenya katikati. Na kwa kuwa wanne hao walitosha, saba wengine walibaki nyuma kulinda pasi.

Wamarekani husimulia ubingwa huu kama ubingwa wa Manning na wa bahati. Manning alicheza vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yake, hilo halina ubishi. Lakini matokeo ya Januari yanaonyesha wapi timu iligeuka. Tarehe 8 Atlanta walikuja wakaondoka na pointi mbili tu, 24-2, na hata hizo mbili hazikufungwa na washambuliaji wao. Tarehe 15 Giants walikwenda Green Bay kwenye baridi, kwa mabingwa watetezi waliokuwa wamepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima, wakawafunga 37-20. Sekunde za mwisho kabla ya mapumziko Manning alirusha mpira juu sana, wa kubahatisha, na Hakeem Nicks akaudaka katikati ya msitu wa mikono. Bahati, sawa. Pointi 17 za tofauti si bahati.

San Francisco, tarehe 22, ilikuwa mvua na matope. Manning alirusha pasi 58 na kuangushwa mara sita, kila mara akiinuka taratibu na kurudi kwenye mstari. Mchezo uliamuliwa na mtu mmoja mwenye bahati mbaya, Kyle Williams wa San Francisco. Robo ya nne mpira wa teke ulimgusa goti bila yeye kukusudia, Devin Thomas wa Giants akauokota. Katika muda wa nyongeza Williams akaudaka mwingine, akapokonywa, na Thomas yuleyule akauokota tena. Lawrence Tynes, mzaliwa wa Scotland, akapiga teke la yadi 31. 20-17. Miaka minne kabla, Tynes ndiye aliyeipeleka timu hiyohiyo fainali kwa teke la muda wa nyongeza huko Green Bay.

Na fainali ilikuwa Indianapolis. Kwa Manning ulikuwa mji wa kaka yake, Peyton, kotabeki wa Colts ambaye uwanja ule ulionekana kama nyumba yake, na ambaye msimu mzima hakucheza kwa sababu ya upasuaji wa shingo. Kwa Kiwanuka ulikuwa mji wa kuzaliwa, na yeye pia alikuwa na shingo ambayo mwaka mmoja nyuma ilitishia kumstaafisha. Waandishi wa habari walimzunguka wiki nzima wakitaka habari za babu. Wengi walitaka kuunganisha mambo mawili, Mahakama Kuu ya Kampala na uwanja wa Lucas Oil, kana kwamba ushindi wa mpira ungeweza kulipa kitu kwa yaliyotokea Septemba 1972. Ni kishawishi kinachoeleweka, lakini hakuna pete inayolipa deni la namna hiyo.

Mchezo wenyewe ulianza kwa kituko. Mara ya kwanza Patriots walipopata mpira, Brady alikuwa amesimama ndani ya eneo lake la mwisho. Tuck alimjia kwa kasi, na Brady akautupa mpira mbali mahali pasipokuwa na mtu wa kwake. Kosa hilo likifanyika ndani ya eneo la mwisho, wapinzani hupewa pointi mbili na mpira juu yake. Giants wakafika 9-0. Brady akatulia, akapiga pasi moja baada ya nyingine katika shambulio la yadi 96 kabla ya mapumziko, na mapema kipindi cha pili Patriots walikuwa mbele 17-9. Tynes akapunguza kwa mateke mawili: 17-15.

Robo ya nne ilianza na mtu ambaye hakutakiwa kuwepo. Chase Blackburn hakuwa na timu hadi mwisho wa Novemba, alikuwa Ohio akijiandaa kwenda kufundisha hesabu shuleni. Giants, wakiwa na majeruhi wengi, walimpigia simu. Sasa Brady alirusha mpira mrefu kwa Rob Gronkowski, jitu lililokuwa linachechemea kwa kifundo cha mguu, na Blackburn akaruka mbele yake akaunasa.

Dakika tatu na sekunde 46 zilipobaki, Giants walikuwa na mpira kwenye yadi yao ya 12, bado nyuma kwa pointi mbili. Manning akarusha upande wa kushoto, mpira mrefu, kwenye kijinafasi kati ya walinzi wawili na chaki. Mario Manningham akaudaka huku miguu yote miwili ikitua ndani, vidole vikiwa karibu kabisa na mstari. Kocha wa Patriots, Bill Belichick, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo, akaomba picha zirudiwe. Zikarudiwa. Ilikuwa halali, yadi 38.

Kilichofuata ndicho kichekesho cha fainali ile. Giants walikaribia goli, na Belichick akapiga hesabu: wakipiga teke fupi sekunde za mwisho, yeye hatapata muda wa kujibu, kwa hiyo bora wafunge mapema. Akaamuru ulinzi wake uwaachie. Ahmad Bradshaw akapewa mpira, mbele yake uwazi kama shamba lililovunwa. Manning akimpigia kelele asifunge, Bradshaw akajaribu kusimama kwenye mstari, mwili ukamshinda, akageuka na kudondoka ndani kwa makalio. Tachidauni. 21-17, zikiwa zimebaki sekunde 57. Brady akapata jaribio la mwisho, mpira mrefu hadi eneo la Giants, ukaguswaguswa na mikono mingi, ukaanguka chini. Gronkowski alijirusha kuufuata, akaukosa kwa umbali mdogo sana.

Afrika Mashariki kulikuwa kunapambazuka. Mathias Kiwanuka alikuwa bingwa kwa mara ya pili, safari hii akiwa amevaa kofia ngumu na nyasi kwenye jezi, katika mji alikozaliwa. Manning akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, Coughlin akawa kocha mzee kuliko wote waliowahi kuitwaa Super Bowl hadi wakati huo. Jumanne, tarehe 7 Februari, New York ikawapitisha katikati ya majengo marefu ya Broadway, karatasi zikimwagika kutoka madirishani.

Kiwanuka alibaki na Giants hadi mwisho wa msimu wa 2014, akarudi mstari wa kwanza aliouzoea, na Machi 2015 klabu ikaachana naye. Super Bowl nyingine hakuigusa.

Msimu mmoja tu baada ya ubingwa, mwaka 2012, Giants walicheza vizuri zaidi kwa karibu kila kipimo. Walifunga pointi 429 na kufungwa 344. Siku ya mwisho, tarehe 30 Desemba, waliwatandika Philadelphia 42-7. Siku hiyohiyo Chicago wakawafunga Detroit 26-24, na matokeo hayo yakawafungia Giants mlango wa mtoano. Walimaliza tisa kwa saba.